Kibaraza kilichohamia barabarani: kisa cha kuondolewa kwa machinga Kariakoo, 2021

Oktoba 2021 lami ya Kariakoo ilionekana. Meza ziliondolewa, vibanda vikavunjwa, maturubai yakakunjwa, na mwenye fremu, yaani chumba cha duka, aliyezoea kuingia dukani kwake kwa ubavu akafungua milango yote. Mwezi uliotangulia Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amewaelekeza wakuu wa mikoa wawapange upya wafanyabiashara wadogo bila vurugu. Dar es Salaam watu walipewa muda wa kuhama wenyewe, muda ukasogezwa mbele, kisha mitaa ikasafishwa. Waliohamishwa walielekezwa kwenye masoko na maeneo yaliyotengwa.

Maturubai yalirudi. Yalianza kurudi jioni, giza likiingia. Baadaye yakawa ya alasiri, na mwisho yakatandikwa mchana kweupe mbele ya milango ileile.

Wengi husema machinga ni wakaidi, au mgambo walilegea. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu safisha-safisha za miaka ya nyuma ziliishia vilevile, chini ya viongozi tofauti na kwa ukali tofauti. Jambo linalojirudia hivyo lina mzizi, na mzizi wenyewe uko mahali pawili: kwenye namna viwanja vya Kariakoo vilivyojengwa, na kwenye namna mzigo unavyotoka ndani ya duka mpaka mkononi mwa mteja.

Nyumba ya vyumba sita

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamepima eneo hili kuwa makazi ya Waafrika, kwa mitaa iliyonyooka inayokatana kama miraba ya daftari la hesabu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa hapa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa mji ukalifanya jina hilo Kariakoo. Jengo la soko lililoachwa na Wajerumani lilianza kazi yake ya soko mwaka 1923. Kati ya mji huu na Uhindini uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, makusudi, ili watu wasikae pamoja.

Viwanja vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko na choo. Mbele kulikuwa na kibaraza. Watu wa mipango miji mara nyingi hukipita kibaraza bila kukiangalia, ilhali kwa kisa hiki ndicho sehemu muhimu kuliko zote za nyumba. Hapo ndipo palipouzwa vitumbua asubuhi, mihogo na samaki wa kukaanga jioni, mkaa kwa mafungu, nazi, machungwa. Muuzaji alikaa kivulini, mgongo ukutani, miguu ikielekea njia. Alikuwa ndani ya mpaka wa kiwanja, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na barabara ilibaki ya wapitao. Mpangaji wa chumba kimoja alikuwa na duka lake dogo bila kulipa fremu.

Mwaka 1975 lilifunguliwa soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye mapaa ya zege yaliyofumbuka kama miavuli iliyopinduliwa, yanayokusanya maji ya mvua. Ndani yake biashara ya jumla ilikaa chini, pale watu walipopaita Shimoni, na rejareja ikakaa juu. Mpangilio huo ulifanya kazi kwa sababu mchuuzi alipandisha mzigo wake ngazi chache tu kutoka kwa aliyemuuzia kwa jumla. Tutaurudia mpangilio huu mbele, maana ndio waliousahau waliojenga maeneo ya kuwahamishia machinga.

Mabadiliko makubwa yalikuja katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilikuwa bado inawasaka mjini wasio na kazi inayotambuliwa. Mwaka uliofuata milango ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilianza kulegezwa, na baada ya 1986 ikafunguka zaidi. Mitumba ikaja kwa mabalo, vyombo vya plastiki na nguo mpya vikaja kwa makontena, na vijana waliokuwa wakikimbizwa ndio waliozitembeza bidhaa hizo. Wakaitwa machinga.

Kuanzia miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zikaanza kubomolewa moja baada ya nyingine. Mara nyingi mwenye kiwanja hakuwa na fedha za kujenga, akaingia ubia na mwenye fedha: huyu anatoa ardhi, yule anajenga, kisha wanagawana sakafu au miaka ya kukusanya kodi. Katika hesabu hiyo kila hatua ya chini ni pesa. Fremu ya sakafu ya chini inadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na anayeichukua kutoka kwa mpangaji aliyetangulia hutoa pia kilemba, malipo ya kuachiwa nafasi. Kwa hiyo ukuta wa mbele ulisogezwa mpaka kwenye mpaka wa kiwanja, ghorofa zikapanda juu yake, stoo zikajaa juu ya stoo.

Kibaraza kikafutika kwenye ramani ya jengo. Kazi yake haikufutika. Ilitoka nje ya mpaka wa kiwanja, ikashuka ngazi moja, ikakaa juu ya mfereji wa maji na ukingo wa lami. Anayemwona machinga amevamia barabara yuko sahihi kwa macho ya leo, lakini aliyeivamia kwanza ni jengo lililo nyuma yake, kwa kumeza nafasi aliyokuwa akikaa.

Siku moja ya mzigo

Kipande cha mtaa chenye fremu kumi upande mmoja, kwa mfano kwenye mtaa kama Kongo, kinaamka kabla ya jua. Mafuso na makontena hushusha usiku na alfajiri, kwa sababu ikishafika saa tatu asubuhi gari kubwa haligeuki. Makuli huingiza mabalo na maboksi stoo, mengine ghorofani kwa mabega. Saa kumi na mbili mama lishe ameshawasha jiko na chapati za kwanza zimeshatoka.

Saa mbili mpaka saa saba mchana ni muda wa jumla. Mteja mwenye thamani ni yule wa mikoani, au wa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, anayekuja na orodha yake. Huyu hanunui duka moja. Anazunguka mitaa mitano au sita, analipa, anaacha mzigo kila duka, kisha anamtuma kuli au mwenye guta, chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mzigo, aupitie na kuukusanya sehemu moja. Hapo wapakiaji hushindilia kwenye viroba, hushona mdomo kwa sindano ndefu na kamba, huzungushia solotepu, na kuandika kwa maka peni jina, namba ya simu na mji unakokwenda. Andiko likiwa upande mmoja tu wa kiroba, mzigo hupotea kwenye rundo. Wapakiaji wazoefu huandika pande mbili na juu.

Mawinga nao wako kazini. Winga hana duka. Ana macho, mdomo na kumbukumbu ya nani ana nini. Anamnasa mteja njiani, anampeleka kwenye fremu, na bei inayotajwa inakuwa tayari imebeba fungu lake. Wengi huwaona kero, na wapo wanaoibia watu waziwazi, lakini mgeni anayetafuta vifaa vya aina moja katika mamia ya fremu zisizo na mabango angepoteza siku nzima bila wao.

Baada ya saa kumi jioni upepo unageuka. Wa jumla wameondoka, wafanyakazi wa mjini wanapita kuelekea vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Msimbazi na Gerezani, na wanataka kitu kimoja kimoja: shati, kandambili, chaja, sidiria, sare ya shule ya mtoto. Mwenye fremu hataki kumhudumia mteja huyu. Amechoka, kaunta imejaa mabunda, na kubishania fulana moja kunamchukulia muda uleule wa kuuza dazeni. Kazi hiyo anaifanya machinga aliye mlangoni.

Mali kauli

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Machinga wengi wa mbele ya duka hawauzi mali yao. Wamechukua kwa mali kauli: bidhaa asubuhi, hesabu jioni, dhamana ni neno na sura inayojulikana.

Tufanye mfano wa tarakimu za kufikirika, ili mpangilio uonekane. Duka linauza dazeni ya fulana kwa shilingi 60,000, yaani 5,000 kila moja. Kijana anachukua dazeni mbili bila kutoa hata senti. Wamekubaliana atarudisha 5,500 kwa kila itakayouzwa. Anaziuza kwa wastani wa 7,500. Mpaka saa mbili usiku zimetoka 15: amekusanya 112,500, anakabidhi 82,500 na fulana 9 zilizobaki, anabaki na 30,000 kabla ya chakula, nauli na ushuru. Duka limepata 7,500 zaidi ya bei yake ya jumla, halikubishana na mtu yeyote, na mali iliyobaki imelala stoo yake.

Kila kipengele cha mpango huu kinategemea umbali. Mwenye duka anakopesha kwa sababu anamwona kijana kutoka kwenye kaunta. Mteja akitaka saizi kubwa ya rangi ya bluu, kijana anaingia ndani na kutoka nayo kabla mteja hajageuza shingo. Jioni hakuna gharama ya kuhifadhi. Ukimhamisha kijana huyo kilomita mbili, lazima awe na 120,000 mkononi kununua dazeni hizo mbili, alipe usafiri wake na wa mzigo, atafute mahali pa kulaza mali, na zile fulana 9 zisizouzika zinakuwa hasara yake. Kinachoitwa kuhamishwa eneo, kwake ni kuachishwa kazi na kuambiwa aanzishe biashara.

Kodi nayo imo humu. Mashine za EFD, zinazotoa risiti za kielektroniki, zilianza kutumika mwaka 2010, na mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, anapaswa kutoa risiti yenye asilimia 18 juu ya bei. Fulana ya 5,000 inakuwa 5,900. Fulana ikitoka mlangoni kupitia mkono wa machinga bila risiti, ile 900 haionekani popote. Serikali imelalamikia jambo hili mara nyingi, na haikukosea. Upande wa pili, Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi milioni 4. Kijana wa mfano wetu, akiuza 112,500 kila siku, anavuka ukomo huo ndani ya siku 36. Kitambulisho kilimhesabu kama mfanyabiashara anayejitegemea, wakati kwa vitendo alikuwa mkono wa duka uliorefushwa mpaka barabarani. Vitambulisho vilimlinda dhidi ya bughudha, na hilo lilikuwa jema, lakini vilificha pia nani hasa anauza. Miaka mitatu iliyofuata mitaa ilijaa kupita kiasi.

Safu tatu

Kujaa huko kulikuwa na utaratibu wake. Safu ya kwanza ilikaa ukutani, kati ya mlango na mlango, na hii huwa ya watu wa duka lenyewe. Safu ya pili ilikaa juu ya vifuniko vya mfereji, kwa meza za mbao za mita moja hivi. Safu ya tatu ilishuka kwenye lami, turubai chini, bidhaa zikipangwa mafungu kwa bei moja. Katikati ya safu ya pili na ya tatu ilibaki njia ya mtu mmoja, na watu wawili wenye mifuko wakikutana, mmoja alirudi kinyumenyume.

Safu mbili za kwanza na ile ya tatu hazina madhara sawa, na kosa la 2021 lilikuwa kuzihesabu kitu kimoja. Safu ya ukutani inabana mlango wa duka na haigusi njia ya magari. Ya mfereji inazuia vifuniko kufunguliwa, takataka zinatumbukia, na mvua kubwa ya kwanza ya masika maji machafu yanapanda mpaka ndani ya fremu. Ya lami ndiyo inayoua. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, na ili wazimamoto wafungue milango ya pembeni na kuvuta mipira wanahitaji karibu mita 4 zilizo wazi. Turubai linakunjwa kwa dakika moja, hilo ni kweli, lakini meza, miamvuli, kamba zilizofungwa kutoka nguzo hadi nguzo na nyaya za taa zilizounganishwa kutoka madukani havikunjwi kwa dakika moja, hasa usiku, watu wakikimbia.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Jumamosi ya Julai 10, 2021 moto ulilichoma soko kuu la Kariakoo, jengo lile la Amuli, na miezi mitatu baadaye ndipo mitaa iliposafishwa. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Uokoaji ulichukua siku kadhaa na ulihitaji mitambo mizito ifike katikati ya mitaa hii hii. Mtu akitaka kuelewa kwa nini lami inapaswa kuwa wazi, aanzie hapo, na wala si kwenye hoja ya usafi na mandhari.

Kilichotokea baada ya kusafishwa

Siku za kwanza machinga wa mlangoni waligeuka kuwa watembezaji. Meza ya mita moja ilibeba fulana mia kwa saizi zote. Mkono na bega hubeba kumi au kumi na mbili. Mauzo yalishuka kwa sababu hiyo tu, kabla ya kitu kingine chochote. Waliokwenda maeneo waliyoelekezwa walikuta yanayojulikana tangu Machinga Complex ya pale Karume, iliyofunguliwa karibu na mwaka 2010: jengo zuri, paa lipo, vizimba vina namba, mteja hapandi ngazi. Kwa miaka mingi sakafu zake za juu zilibaki tupu.

Sababu inaonekana ukilinganisha na Shimoni. Soko la 1975 liliweka jumla na rejareja ndani ya jengo moja, moja chini ya nyingine. Complex iliweka rejareja peke yake, mbali na jumla yake. Ni sawa na kuhamisha bomba na kuliacha tangi. Mteja wa jioni hapiti pale akielekea nyumbani, na mteja wa mikoani hana haja ya fulana moja moja. Mchuuzi aliye peke yake hawezi kuivuta mikondo hiyo miwili kwake, hata akipewa kizimba bure mwaka mzima.

Wenye fremu nao, waliokuwa wa kwanza kulalamika kuzibiwa milango, waligundua mapengo. Bidhaa za rejareja zilibaki ndani. Wengine walianza kusogeza vibao na madoli ya nguo nje ya mlango, hatua moja, kisha mbili. Kijana alipokuja kuulizia mzigo wa jioni, alipewa. Safu ya tatu ilirudi kwa njia hiyo, na mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Kinachoweza kupangwa

Kwa hiyo mpango wowote wa mtaa kama huu unapaswa kuanza na safu ya lami peke yake. Kwanza upimwe upana wa wazi kutoka ukingo hadi ukingo, na mita 4 katikati zichorwe kwa rangi isiyofutika, pande zote za mtaa zikiheshimu mstari huo saa zote. Pale barabara isipotosha mita 4 na meza za pande mbili, upande mmoja uachwe kabisa. Kubana pande zote nusu nusu hakufai, maana meza ikisogea kiganja kila wiki, mwezi wa tatu njia imekwisha. Kona za makutano ziachwe wazi mita 6 hivi, kwani gari refu hukwama kwenye kona kabla ya kukwama popote. Penye vifuniko vya mfereji, meza ziwe na miguu inayokunjwa, ili kazi ya kuzibua isisubiri ruhusa ya mtu.

Saa nazo zigawanywe. Asubuhi mpaka alasiri, wakati wa guta na viroba, lami ni ya mzigo. Kuanzia saa kumi jioni baadhi ya mitaa isiyo na mabasi inaweza kufungwa kwa magari na kuwa ya rejareja, ila ile mita 4 ibaki. Msimbazi haifai kwa hili, ina njia ya mwendokasi.

Usajili ufuate mali. Anayeuza bidhaa za mali kauli aandikwe kwa jina lake pamoja na fremu anayochukulia mzigo, na risiti ya bidhaa hizo iwe juu ya duka. Anayeuza mali yake mwenyewe aandikwe peke yake. Bila kutenganisha hao wawili, kila mjadala wa kodi utaishia kwa kumfukuza anayeonekana na kumwacha anayefaidika.

Kubwa zaidi ni majengo yanayokuja. Kila ghorofa jipya Kariakoo linaweza kudaiwa kirudisho cha mita 2 kwenye sakafu ya chini, yaani ukuta wa mbele urudi nyuma, nguzo zikibaki kwenye mpaka wa kiwanja na sakafu za juu zikiendelea mpaka hapo. Jengo lenye uso wa mita 12 litatoa kibaraza cha mita za mraba 24. Toa milango miwili ya mita 1.5, zinabaki mita 9, zinazotosha meza sita za mita 1.2 zenye mwanya wa sentimita 30 baada ya kila moja, zikipangwa upande wa nguzo, na njia ya sentimita 80 ikibaki nyuma yake kufuata ukuta. Mwenye jengo atasema amepoteza mita za mraba 24 za fremu. Amezipata juu, ghorofa kwa ghorofa, na sita waliokuwa kwenye lami wamerudi ndani ya mpaka wa kiwanja, wanalipa kodi ya kibaraza kwa jina, wakiwa hatua mbili kutoka kwenye kaunta inayowakopesha.